Kazi nimepata, sikiliza nilivyoipata

Sombetini, Arusha
Julai

Shoga yangu Saumu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, baridi tu ndiyo inatutesa. Mwezi huu mtu wa Tanga hapa anaoga kwa ushujaa. Mama hajambo?

Umeuliza kama nimeacha kuchungulia tovuti ya Sekretarieti ya Ajira, kule kwenye kazi za serikali. Sijaacha, na wewe usiache. Ila huku ukingoja, tembea na bahasha. Walimu wa Kiswahili na Historia tuko wengi kama mchanga wa Raskazone. Nilipomfuata baba Zuhura huku, kila shule ikawa inaniuliza: una Fizikia? Una Hisabati? Nikisema Kiswahili, bahasha yangu inakwenda chini ya nyingine.

Kilichonifungulia ni mtaala mpya. Ulipoanza Januari 2024, Historia ya Tanzania na Maadili ikawa somo la lazima, na linafundishwa kwa Kiswahili hata kwenye shule za Kiingereza. Shule hizo zina walimu wazuri wa Historia, lakini mwambie mmoja wao aeleze Vita vya Majimaji kwa Kiswahili kitupu uone anavyotafuta maneno. Basi nikaiandika upya barua ya maombi, somo hilo likatangulia. Fanya hivyo hivyo.

Usaili wenyewe ni kuingia darasani. Nikapewa kipindi cha dakika 40, mkuu wa shule na mwalimu wa taaluma wamekaa nyuma na makaratasi yao. Nikaanza na maji ya mganga Kinjikitile, yale ya kuzuia risasi, nikawauliza watoto: ungekuwa wewe, mwaka 1905, ungeyaamini? Weee! Darasa likalipuka. Wengine wanasema mganga aliwadanganya watu, wengine wanasema bila yale maji makabila yasingeungana. Kijana mmoja dirishani akaniambia, "Mwalimu, unaongea kama taarabu." Mkuu akacheka mpaka akavua miwani. Hapo nikajua nimepita.

Mkataba ndio uusome polepole. Mshahara wanaoutaja ni kabla ya makato: NSSF, yaani akiba ya uzeeni, asilimia 10, bodi ya mikopo asilimia 15 ya mshahara wa msingi kwa sisi tuliokopa chuoni, na kodi. Uliza kama NSSF wanapeleka kweli, halafu kaangalie mwenyewe. Na vyeti halisi usimwachie mtu. Kuna shule ilitaka vyangu vikae ofisini kwao "kwa usalama". Nikatoa nakala, mazungumzo yakaishia hapo. Wala sijutii.

Nyumba tafuta baadaye, ukishajua unafundisha wapi. Mimi naishi huku na shule iko njia ya Usa River, kwa hiyo ni vifodi, daladala ndogo za huku, viwili kwenda, viwili kurudi, na Jumatano soko la Tengeru likijaa, foleni haisogei.

Shule nyingi za binafsi hujaza nafasi Novemba na Desemba, kabla ya kufungua Januari. Kwetu kuna mwalimu anaondoka mwisho wa mwaka, na jina lako nimeshamtajia mkuu. Nitumie wasifu wako na nakala za vyeti kwa WhatsApp wiki hii, usiniaibishe. Utafikia kwangu, Zuhura atakupisha kitanda.

Ukija beba nazi. Za hapa bei yake inauma, na wali wa mafuta nimeuchoka.

Wako,
Mwanaidi