Soketi ya chumbani si kituo cha kuchajia gari

Mhariri,

Kila msimu wa likizo unapokaribia, nyumba za wageni za huku Malindi, kuanzia Casuarina hadi Mambrui, hupokea wageni wa bara wanaokuja kwa magari yao wenyewe, na miongoni mwa magari hayo sasa yamo yanayotumia umeme. Mimi ni fundi ambaye huitwa katika nyumba hizo kitu kikishaungua, na nina neno kwa wenye nyumba na wageni wao kuhusu waya unaopitishwa dirishani usiku ili gari lilale likichajiwa kwenye soketi ya chumbani. Jambo hilo linawezekana, wala si lazima liwe la hatari, lakini namna linavyofanywa katika nyumba nyingi ninazoingia hainiridhishi hata kidogo.

Soketi zetu za matundu matatu ni za mtindo wa Kiingereza, na plagi zake huwekwa fyuzi isiyozidi ampea 13. Kwa umeme wa volti 240, hizo ni kama kilowati 3.1, na mwenye nyumba akiambiwa hivyo hujibu kwamba hata birika lake la umeme linakaribia kula kiasi hicho na soketi haijawahi kumsumbua. Ni kweli, ila birika huchemka kwa dakika chache likajizima, nayo pasi hujizima na kujiwasha kila mara, ilhali gari huvuta mkondo uleule mfululizo tangu saa nne za usiku hadi asubuhi. Joto lisilopata muda wa kupanda wakati wa kuchemsha chai huwa na usiku mzima wa kupanda gari linapochajiwa. Ndiyo sababu chaja nyingi za safari zilizotengenezwa kwa plagi ya aina yetu hazivuti zaidi ya ampea 10.

Kwetu pwani kuna chumvi. Upepo wa bahari huingia hadi ndani ya kuta, na vibano vya shaba vilivyomo ndani ya soketi huota kutu ya kijani na kulegea mapema kuliko vya Nairobi. Kibano cha namna hiyo huuzuia umeme kidogo, na umeme uliozuiwa hugeuka joto: kizuizi cha omu 0.1 tu, kikipitiwa na ampea 10, hutoa wati 10 mahali padogo kama ukucha, na mkondo ukiongezwa mara mbili, joto hilo huongezeka mara nne. Jambo ambalo wengi hawalijui, na ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu, ni kwamba breka, ile swichi ya nyumba inayojikata mkondo wa umeme unapozidi, haitaliona joto hilo. Breka huangalia wingi wa mkondo, na mkondo huo ni wa kawaida kabisa, kwa hiyo soketi inaweza kuyeyuka huku breka imetulia mahali pake. Fyuzi ya plagi nayo ni hivyo hivyo. Ile ya ampea 13 inaweza kustahimili karibu ampea 20 kwa muda mrefu kabla haijakatika.

Niliwahi kufungua soketi moja nyuma ya kitanda, katika kibanda cha wageni kilichoezekwa makuti. Kwa mbele ilikuwa nyeupe safi, isipokuwa pete ya rangi ya kahawia kuzunguka tundu la chini upande wa kulia, lakini kwa nyuma ganda la waya lilikuwa limekauka likivunjika vidoleni kama ganda la yai. Mwenyeji alinieleza kwamba mgeni alikuwa amelalamika tu kuhusu harufu. Nadhani sina haja ya kueleza makuti makavu ya wakati wa kaskazi yangefanya nini kama cheche moja ingeyafikia usiku ule.

Hatari huzidi pale waya wenyewe unapokuwa umechezewa. Yapo magari yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani pamoja na waya wa huko, uliotengenezwa kwa volti 200 na kuvuta hadi ampea 15, wenye plagi isiyoingia katika soketi zetu. Plagi ile hukatwa, ikafungwa ya ampea 13, na fyuzi inapokatika kwa kuchoka, mtu huweka kipande cha waya au msumari mahali pake. Waya wa namna hiyo mwenye nyumba ana haki ya kuukataa bila kuona haya, hata kama mgeni ni wa heshima kiasi gani.

Ekstensheni zinazouzwa madukani kwa ajili ya televisheni na chaja za simu hazifai kwa kazi hii. Ikibidi kabisa, itumike moja tu, ya waya mnene wa milimita 2.5 za mraba, ikunjuliwe yote kwa sababu ikibaki imezungushwa kwenye kigurudumu chake hujipika yenyewe, na pale inapoungana na waya wa gari pasilale kwenye nyasi zenye umande. Kisanduku cha chaja kilicho kwenye waya wa gari nacho kiwekwe juu ya kigoda au kitundikwe, kwa maana kikiachwa kining'inie, uzito wake huivuta plagi na kulegeza vibano vilevile nilivyovitaja.

Kuhusu waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, chaja nzuri hujipima yenyewe, na isipoiona ethi huwasha taa nyekundu na kukataa kazi. Nimesikitishwa na mafundi wenzangu wanaoidanganya kwa kuunganisha ethi na nyutro, yaani waya unaorudisha umeme, ndani ya soketi. Taa hugeuka kijani na mgeni hufurahi, lakini siku nyutro itakapokatika mahali popote kabla ya soketi hiyo, bodi nzima ya gari itakuwa na umeme, na mtoto atakayeligusa pekupeku baada ya mvua ya masika ndiye atakayekuwa njia yake ya kwenda ardhini. Taa nyekundu maana yake nyumba haina ethi ya kuaminika, na dawa yake ni kuitengeneza ethi ya nyumba.

Wageni nao wapunguze haraka. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120, safari ambayo gari dogo la umeme huimaliza kwa yuniti zisizozidi 20 hivi. Kwa ampea 10, kuanzia saa nne za usiku hadi saa moja asubuhi, soketi hutoa karibu yuniti 22, na hata ukiondoa zinazopotea njiani, safari ya Mombasa imepatikana bila kujaza betri yote. Anayelala siku mbili anaweza kushusha chaja yake hadi ampea 6, kwa kuwa chaja nyingi zina kitufe cha kufanya hivyo, na kwa ampea 6 joto kwenye kibano hushuka hadi karibu theluthi moja ya lile la ampea 10. Baada ya nusu saa ya kwanza, aishike plagi. Ikiwa kiganja hakiwezi kutulia juu yake, asimamishe kuchaji kwanza kwenye gari, kisha azime swichi ya soketi, ndipo achomoe.

Na aombe ruhusa kabla ya yote hayo. Yuniti 20 si haba kwa mwenyeji anayenunua tokeni, na si adabu ya mgeni kuamka na kumwachia mwenyeji wake giza. Ile bei nafuu ya umeme wa magari iliyoidhinishwa mwaka 2023, ya shilingi 16 kwa yuniti na shilingi 8 nyakati za matumizi madogo, haihusu mita ya kawaida ya nyumbani, kwa hiyo mgeni asiitumie kupunguza malipo.

Kwa wenye nyumba, sishauri magari haya yafukuzwe, kwa sababu yatazidi kuja. Nashauri kila nyumba ya wageni iwe na soketi moja ya nje iliyotengwa kwa kazi hii, yenye waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la breka, wa milimita 4 au 6 za mraba, wenye breka yake na kinga inayokata umeme pakivuja miliampea 30, chini ya kifuniko kisichoingiza maji, na mbali na makuti. Waya wa 6 ukishawekwa, baadaye unaweza kufungwa chaja ya ukutani ya kilowati 7 bila kuvunja ukuta tena. Kazi hiyo afanye fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli nchini Kenya, na mwenye nyumba aombe kuiona leseni hiyo kabla ya kutoa malipo ya awali, kwa kuwa nyaya nyingi ninazoitwa kuzing'oa zilifungwa na watu ambao hawakuwahi kuulizwa.

Fundi wa umeme,
Barani, Malindi