Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: bwawa letu, chumvi na mabomba ya chuma

Assalaam alaykum wanachama wenzangu,

Taarifa ya mwaka huu karibu yote ni bwawa letu la kuogelea, manake ndo lililokula muda wetu na michango yenu. Mlinzi, usafi na zamu za watoto wa skuli vimeenda vizuri, hesabu mweka hazina atawasomea.

Mnakumbuka tulikubaliana tuache klorini ya unga, ile dawa ya kuua vijidudu kwenye maji, tuhamie kwenye chumvi. Wengi wetu tukadhani klorini ndo basi tena, na mie nilidhani hivo hivo, lakini sivyo. Ile mashine ya chumvi inapitisha umeme kwenye maji yenye chumvi kidogo na klorini inatengenezwa humo humo ndani ya bomba, inatoka kidogo kidogo bila kuzidi, ndo maana macho yalikuwa hayawashi kama zamani. Na chumvi yenyewe ni kama gramu 3.3 tu kwa lita, bahari yetu hapa ina kama 35. Bwawa letu linachukua lita 150,000 na kisima kipo karibu na pwani, maji yake tulipoyapima tukakuta yana gramu 1 tayari, kwa hivo badala ya magunia 10 ya kilo 50 tulitia 7 yakatosha. Chumvi iwe safi, isiyotiwa madini joto na isiyo na mchanga.

Kosa letu ni kutia chumvi kabla hatujajua chini ya sakafu kumelazwa mabomba gani. Fundi wa mwanzo alisema haina neno, tukamuamini. Miezi minne baadae madoa ya kahawia yakatoka kwenye matundu yanayorudisha maji, miguu ya ngazi ikaanza kutafunika, kisha valvu ikavuja mpaka chumba cha pampu kikajaa maji. Kuchimba, tunakuta bomba la chuma limeungwa na la shaba! Hivi viwili vikigusana ndani ya maji chuma ndo kinacholiwa, na maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri zaidi kwa hivo yanaharakisha. Wavuvi wetu wanalijua hili siku nyingi, ndo mana mashine ya boti inafungwa kipande cha zinki, zinki iliwe yenyewe mashine isalimike.

Basi tukazima mashine ya chumvi. Kutoka pampu hadi kwenye chujio na kurudi bwawani sasa ni plastiki tupu, ngazi na pampu na vyuma vyengine vyote vimeungwa kwa waya mmoja wa shaba, na zinki tumefunga. Huo waya jamani msiuguse wala msiukate, siku umeme ukivuja waya huo ndo unaowalinda watoto wetu.

Kilichobaki ni bomba la chini linalovuta maji kutoka kina kirefu, kama mita 11, bado la chuma. Najua wapo wanaosema zinki itatosha tuwashe tu, michango imechosha. Nawaelewa, lakini mie sikubali. Zinki inapunguza kasi ya kuliwa, haiponyeshi bomba ambalo lishaoza ndani, na likipasuka chini ya zege tutavunja bwawa zima. Mashine isiwashwe mpaka lile bomba litoke.

Tukishawasha kuna mawili ya kuzoea. Maji ya chumvi yanapenda kupandisha pH, yaani kipimo cha ukali wa maji, inatakiwa ikae baina ya 7.2 na 7.6, kwa hivo mpimaji wa zamu apime kila siku na asidi itiwe kidogo kidogo, ukimwaga nyingi kwa pamoja itakula sakafu na vyuma vilivyobaki. Na umeme ukikatika klorini haitengenezwi, kwa hivo ndoo moja ya klorini ya unga ibaki stoo.

Siku ya kuchimba ntaitangaza kwenye grupu. Mwenye sururu aje nayo.

Mwenyekiti wenu