Kwa kakangu, kabla ya Jumanne

Kakangu, assalaam aleikum.

Wifi amenipigia simu. Usimkasirikie. Amenambia Jumanne una miadi na daktari wa moyo, na kwamba siku hizi ukipanda ngazi za kwenu wasimama mara mbili. Ukifika pale penye dirisha watoa simu na kuiweka sikioni, na simu yenyewe haijalia. Nilipolisikia hilo nilikaa kitako sebuleni kwa Mama nikashindwa kuinuka. Ndivyo alivyokuwa akifanya yeye. Hakuwa na simu ya kujifichia, kwa hivyo alikuwa akisimama kwenye ule mteremko wa feri akijifanya anajifunga kanga upya.

Tangu arubaini hatujasemezana. Nakuandikia hapa kwa sababu wanao husoma na najua watakuonyesha. Wengine wakisoma, na wasome, huenda nao wana Jumanne yao.

Dawa kwanza. Usiende na majina kichwani, wala usimwambie daktari "ile nyeupe ndogo". Chukua mfuko, utie kila kitu unachomeza, na paketi zake. Kila kitu, kaka. Zile tembe za goti unazonunua duka la dawa bila ya karatasi, diklofenaki na ibuprofeni, zitie. Hupandisha presha, huzuia maji mwilini na huzichosha figo, na mtu aweza kuongezewa dawa ya presha kumbe kinachoipandisha ni tembe ya goti. Uwatu na habasoda pia vitaje, maana uwatu hushusha sukari na daktari asipojua atahesabu vibaya. Na muguka, yale majani ya kutafuna jamaa ya miraa. Mwaka wa 2024 kaunti yetu ilitangaza kuupiga marufuku na mambo yakaenda mahakamani, lakini daktari si askari wa kaunti. Muguka hupeleka moyo mbio. Mwambie watafuna, na kwa siku ngapi katika wiki.

Kuanzia leo pima presha asubuhi na jioni na uandike kwenye daftari, namba zote mbili. Kaa kwanza dakika tano, mgongo uegemee, miguu ikae chini usiipandanishe, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo, na usizungumze. Nusu saa kabla usinywe kahawa wala usivute, na uende msalani kwanza, kwani kibofu kikijaa presha hupanda. Kipimo kimoja cha mtu aliyetoka kupanda ngazi mbio akiogopa kupitwa na namba yake hakimwambii daktari mengi. Siku kadhaa za daftari zitamwambia. Hospitalini huhesabu kuwa ni presha ikifika 140 kwa 90, na ya kupimwa nyumbani 135 kwa 85.

Kitambulisho usisahau. Hakikisha umesajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali, ile kadi ya bima ya zamani, NHIF, haina kazi tena tangu Oktoba 2024. Ukiambiwa uende na njaa kwa ajili ya damu, uliza ni saa ngapi, na uulize kama dawa ya asubuhi umeze au usimeze. Usijiamulie.

Haya ni mepesi, hata muuguzi atakwambia. Lililonikalisha usiku kuandika ni jingine.

Wakumbuka kile chumba cha daktari, siku tuliyompeleka Mama. Usiku wa kuamkia siku hiyo Mama alinambia, lete kalamu. Akataja, nikaandika, kwenye karatasi ya daftari la mtoto. Miguu yavimba jioni mpaka viatu haviingii. Silali ila kwa mito mitatu, nikilala chali pumzi yakatika. Usiku naamka naketi dirishani kutafuta hewa. La nne alilitaja kwa sauti ndogo sana: dawa ya kukojoa siimezi siku za kuvuka. Akaikunja ile karatasi mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga, pale pa nauli.

Tulingoja tangu saa moja mpaka karibu na adhuhuri. Daktari alikuwa kijana mpole, amechoka. Akamtazama Mama mwenyewe, akamuuliza, "Mama, wajisikiaje?" Mama akaanza, "Alhamdulillahi, mwanangu."

Wewe na mimi twajua kwamba alhamdulillahi ya Mama ilikuwa mlango. Hakuwa mtu wa kumtajia mgeni maradhi yake kabla ya kumshukuru Mola wake. Ungengoja pumzi moja, angeingia ndani. Hukungoja. Ulisema, "Hana kitu, daktari, ni uzee tu. Presha iko sawa, dawa ameza zote." Kisha mkaingia kwenye Kizungu, wewe na yeye, na Mama akawa anawatazama midomo, huyu na yule, kama mtoto aliyeletwa. Niliviona vidole vyake. Lile fundo alikuwa ameshalifungua nusu. Akalifunga tena, akalikaza, akauweka mkono juu yake mpaka tulipotoka.

Sikuweza kulisahau fundo hilo. Nimejaribu, kaka.

Wiki yake ya mwisho, hospitali nyingine, usiku, daktari wa zamu aliniuliza swali moja kabla hata hajamgusa: "Analala kwa mito mingapi?" Hilo ndilo lililokuwa la kwanza kwake. Akanieleza kwamba moyo ukichoka kusukuma, maji hurudi kwenye mapafu, na mtu akilala chali humpanda, ndipo akaongeza mto, kisha mwingine, mwisho akalala ameketi. Miguu ya jioni ni maji hayo hayo. Nikamwambia na la dawa. Akasema siku ya safari huenda wangemruhusu aimeze mchana akisharudi nyumbani. Saa chache tu za kusogeza. Lilikuwa swali la kuulizwa, na lilikuwa limeandikwa.

Sisemi angeishi. Siku zake zilikuwa zimetimia, nalisema na naliamini. Lakini alikuwa na neno, na hakulisema.

Habari ya dawa ya kukojoa hukuijua, na kwa hilo sikulaumu. Mama angemwambiaje mwanawe wa kiume, anayemwita "baba", kwamba aogopa kujikojolea kwenye foleni ya feri, katikati ya watu? Hata huyo daktari, Mama asingemwambia ukiwa umekaa hapo. Ilibidi tutoke sote wawili, hata mimi. Dakika mbili zingetosha.

Basi na wewe Jumanne mwombe mtu uliyekwenda naye atoke kidogo, awe wifi au kijana wako. Kuna mambo ambayo dawa za presha huweza kumfanyia mwanamume, na wanaume huziacha kimya kimya badala ya kuomba dawa nyingine. Mimi ni dadako, siendi mbele ya hapo. Lakini wewe nenda, mwambie daktari. Zipo nyingine, na kuziacha hivi hivi ni hatari kuliko kuona haya.

Siku ya arubaini, mbele ya shangazi na wazee, ulisema, "Wewe ndiwe uliyekuwa ukilala naye nyumba moja, mbona hukusema?" Nilikuwa nimesimama na sinia ya mahamri mkononi. Sikukujibu kwa sababu ya wageni. Sasa nakujibu.

Ningesemaje? Wewe ni mkubwa wangu kwa miaka kumi na mmoja. Baba alipofariki wewe ndiwe uliyenilipia shule, na ile miadi wewe ndiwe uliyeilipia, na teksi pia. Mle chumbani viti vilikuwa viwili, mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na mkoba wa Mama. Nilifungua kinywa, wallahi nilikifungua, ukanitazama. Wajua ulivyonitazama. Na Mama mwenyewe alinitazama, kama kwamba aniambia usimwaibishe kakako mbele ya watu. Ningevunja adabu ya nani kwanza? Mimi ndiye niliyekuwa nikiikanda ile miguu kila jioni. Usinambie sikuiona.

Najua ningeweza kurudi peke yangu baada ya kukusindikiza garini. Ningegonga mlango nikampa daktari ile karatasi. Jambo hili huja usiku, na huwa najiambia Mama alikuwa amechoka, jua lilikuwa kali, foleni ya watu ilikuwa bado ndefu. Yote ni kweli. Pia ni kweli kwamba nilikuogopa.

Na ulimpenda. Kila Ijumaa ulivuka na samaki na machungwa, ukamkalia miguuni ukamchekesha kuliko nilivyoweza mimi siku zote saba. "Uzee tu" ulilisema kwa kuwa ulitaka liwe uzee tu. Naona sasa, kwa zile ngazi zako, kwamba na wewe mwenyewe wajiambia hivyo hivyo.

Ukikaa mbele ya daktari, sema alhamdulillahi, na baada yake usinyamaze. Anza na lile la ngazi, kabla ya goti, kabla ya usingizi. Usilibakishe mpaka umeshika kitasa cha mlango, maana kufika hapo atakuwa ameshamwita mwingine. Mwambie lilianza lini. Mwambie ngazi ya ngapi, lakaza au lachoma, lapanda tayani au lashuka mkononi, ukisimama laisha baada ya muda gani, na kama usiku wainua mto. Na likikukaza ukiwa umekaa, jasho likakutoka, lisiishe, usingoje Jumanne. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni saa nane za usiku.

Akikwambia ugonjwa, uliza jina lake na umwombe aliandike. Akitumia neno la Kizungu usilolijua, mwambie akwambie kwa Kiswahili, hata kama wewe Kizungu wakijua. Kabla ya kuinuka mrudishie maneno yake: "Daktari, nimeelewa hivi na hivi, ndivyo?" Dawa ipi ni ya nini, nikisahau nifanyeje, dalili gani zinirudishe kabla ya siku, na siku yenyewe ni lini. Akiwa na haraka, muulize vivyo hivyo. Karatasi ya maswali ishike mkononi, usiitie mfukoni.

Jumanne nitavuka na feri ya alfajiri, nitakuwa hapo kabla yenu na birika la chai ya tangawizi. Chumbani siingii. Nitakaa kwenye benchi nje, na ukitaka niitwe, wifi atanionyesha mkono.