Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma: miche mmetupatia, kuni tutatoa wapi?

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mama ninayekamua mawese na kupika sabuni hapa Simbo. Nakuandikia pamoja na wenzangu wa kikundi. Tunaomba jambo moja: wakamuaji wa vijijini tusaidiwe kuacha kuchemsha chikichi kwa kuni za msituni, kabla msitu haujaisha na kazi yetu haijafa nao.

Nikueleze kazi yenyewe. Mikungu ikishakatwa tunapukuchua chikichi, tunajaza pipa, tunaweka maji na kuchochea moto tangu alfajiri mpaka zilainike. Zikitoka hapo zinaingia kwenye mashine ya kuzungusha kwa mkono. Mafuta yanayochuruzika tunayachemsha tena ili yaachane na maji. Kila pipa linataka moto mara mbili. Nilipoolewa huku, kuni tuliokota kwenye vilima ambavyo ukisimama uani unaviona. Leo vijana wanazileta kwa baiskeli, wanaondoka usiku, na bei wanapanga wao.

Kuni zikichelewa, chikichi haisubiri. Ikilala siku nyingi bila kuchemshwa, mafuta yanaanza kuchacha yakiwa bado ndani ya tunda. Utakamua na rangi itatoka nyekundu nzuri, lakini ukionja yanakereketa kooni. Hayo hayaendi tena jikoni. Yanaishia kwenye sabuni, kwa bei ya chini.

Tarehe 28 Aprili 2022 Indonesia ilizuia mawese yake kwenda nje, huku vita ya Ukraine ikiwa imeshavuruga biashara ya mafuta ya alizeti. Zuio halikufika hata mwezi, lakini nchi yetu huagiza mafuta mengi ya kula, na bei ilitutoa jasho wote. Siku hizo wanunuzi waliingia mpaka uani kwangu na madumu matupu. Nyuma ya nyumba mikungu ilikuwa imerundikana, inzi wamejaa, nasi tunasubiri baiskeli ya kuni. Linaniuma mpaka leo.

Mheshimiwa, tangu mwaka 2018, Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, alipokuja kulisimamia zao la mchikichi, tumehimizwa kupanda miche bora ya tenera, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kinaizalisha. Tunashukuru kwa dhati. Tenera ina nyama nene na mafuta mengi kuliko michikichi yetu ya zamani. Lakini kila mche unaoanza kuzaa unatuongezea mapipa ya kuchemsha. Nimehudhuria mikutano ya miche, ya mbolea na ya masoko. Wa kuni sijawahi kuitwa.

Upande wa sabuni nako tuko mikononi mwa mvua. Kostiki soda ya kupikia sabuni inatoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200, na sisi ndio mwisho wa reli. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalisomba reli kati ya Kilosa na Gulwe, na huku tukakaa bila treni. Mto Mkondoa, unaopita kando ya reli hapo, unapokea mchanga kutoka vilima vilivyovuliwa miti, kwa hiyo miti inayokatwa kule inatugharimu hata sisi wa Simbo. Reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma tunaingoja kwa hamu. Nayo itapita kwenye makorongo na mabonde, na itahitaji vilima vyenye miti.

Dawa tunaikanyaga kila siku. Baada ya kukamua yanabaki makapi, baada ya kupasua mise, yaani kokwa za chikichi, yanabaki maganda, na mikungu mitupu tunaitupa pembeni. Viwanda vya mawese vya Malaysia huchemshia matunda kwa makapi na maganda hayohayo. Yakiwa makavu yanawaka kwa moto mkali. Kwenye pipa letu la wazi yanatoa moshi tu na joto linapotea. Tunahitaji jiko lililojengwa, lenye mlango, njia ya hewa chini na dohani. Majivu ya mikungu nayo yana potasi nyingi, inayoweza kushika nafasi ya kostiki. Afrika Magharibi wanawake hupikia sabuni nyeusi kwa majivu ya namna hiyo. Inatoka laini, si ngumu kama sabuni ya kipande, lakini treni ikikwama watu watakuwa na cha kufulia.

Ombi letu halihitaji bajeti mpya. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Waelekeze maofisa wapokee maombi ya jiko la pamoja na mashine ya kupasulia mise, na SIDO Kigoma, shirika la viwanda vidogo, watuchoree jiko hilo. Hapohapo yachimbwe mashimo ya kutuliza maji machafu. Sasa hivi yanatoka ya moto, ya kahawia, na utando wa mafuta juu, yanafuata mtaro kuelekea Mto Luiche na ziwani. Wajukuu wetu wanaogea huko.

Kiwanja tumeshakitenga, karibu na barabara, gari linafika. Makapi tumeanza kuyaanika.

Wako mtiifu,
Mkamuaji wa mawese, Simbo