Mabaki ya roketi yakianguka huku kwetu, yatafika kwa mnunuzi wa skrapu kabla ya polisi

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu vyuma vinavyoanguka kutoka anga za juu. Tangu ile pete ya chuma ilipoanguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni, tarehe 30 Desemba 2024, nimesoma maoni ya wasomi na mawakili. Sijaona akitajwa mtu ambaye, kwa jinsi ninavyoijua nchi hii, ndiye atakayekutana na chuma kama hicho mapema kuliko wote: mnunuzi wa vyuma chakavu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Kibuye, Kisumu, na nyuma ya karakana yangu nina yadi ndogo ya skrapu. Pete ya Makueni ilikuwa na kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500. Shirika la Anga za Juu la Kenya, KSA, lilieleza kwamba ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi, ambayo kwa kawaida huteketea ikirudi au huangukia baharini. Maafisa walifika, wakaichukua. Tusisahau kwamba uzito wenyewe uliwasaidia, maana nani atasukuma nusu tani kwa mkokoteni? Lakini si kila kinachoanguka kina uzito huo. Mwaka 2011 kule Namibia kulipatikana mpira wa chuma, mtupu ndani, kipenyo chake sentimita 35 na uzito wake kilo 6 hivi. Kitu kama hicho mtu wa boda boda anakitia kwenye gunia, na saa hiyo hiyo yuko mlangoni kwangu.

Niwaeleze wasomaji wasioijua kazi hii. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inatutaka tuwe na leseni na tuweke rekodi ya tunachonunua. Tangu biashara hii ipigwe marufuku kwa miezi kadhaa mwaka 2022, kwa sababu ya wizi wa vifaa vya stima, wengi wetu tumekuwa waangalifu. Kipande cha transfoma tunakijua, tunakikataa. Kifuniko cha mtaro wa barabarani tunakijua. Mnyororo wa mtambo wa miwa ukitoka upande wa Muhoroni au Chemelil tunaujua hata ukiwa na matope. Tanki la roketi ndilo hakuna anayelijua. Ukilijaribu kwa sumaku, sumaku haishiki. Ukiligusa kwa grainda, linatoa cheche nyeupe pe, na hapo mnunuzi anaanza kutabasamu kwa sababu ameshajua hili si bati. Mara nyingi ni titani, metali ambayo haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 1,600. Ndiyo maana inafika chini nzima, ilhali alumini, ambayo nyuzi 660 zinatosha kuiyeyusha, imeshaisha huko juu. Baada ya grainda inawashwa gesi ya kukata, kisha vipande vinapanda lori la Nairobi.

Hapo kuna hasara mbili, na ya kwanza ni uhai wa huyo anayekata. Baadhi ya matanki ya roketi na satelaiti hubeba haidrazini, fueli yenye sumu kali ambayo hudhuru mwili kwa mvuke wake na hata kwa kugusa ngozi. Matanki mengine yamezungushiwa nyuzi za kaboni, na vumbi lake si la kuvutwa na mtu aliyejifunga leso puani, ambayo ndiyo kinga ya vijana wengi hapa.

Hasara ya pili ni ya nchi. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 unasema nchi iliyorusha chombo italipa madhara yote kitakayoleta ardhini, hata kama haikufanya uzembe wowote, na Kenya imo katika mkataba huo. Haya si maneno ya karatasi tu. Januari 1978 satelaiti ya Kisovieti iitwayo Kosmos 954, iliyokuwa na kinu cha nyuklia ndani, iliangukia kaskazini mwa Kanada. Kanada ikadai dola milioni 6 za kwao, na mwaka 1981 ikalipwa milioni 3. Mwenye chombo alijulikana, ndiyo maana akalipa. Chuma kitakachoanguka Kenya kitamtambulisha mwenyewe kwa njia gani, kama si kwa namba za kiwandani, aina ya bolti na mishono ya kuchomelea? Mimi nikishapitisha moto hapo, namba zimekwenda. Tena mkataba unatoa mwaka mmoja tu wa kuwasilisha madai, tangu siku ya madhara au tangu nchi yenye chombo ijulikane. Na kwa mkataba mwingine, wa mwaka 1967, kitu kilichorushwa hubaki mali ya mwenyewe hata kikirudi duniani. Kwa hiyo anayekinunua kwa kilo huenda amenunua mali ya serikali au kampuni ya kigeni bila habari.

Najua wapo watakaosema uwezekano wa chuma kuangukia Kisumu ni mdogo mno. Ni kweli, na sitaki watu walale chini ya meza. Ila watazame ramani. Pale Maseno kuna alama ya ikweta kando ya barabara, na watu husimama hapo kupigwa picha. Kila chombo kinachozunguka Dunia hukutana na mstari huo, na vile vya chini, vinavyomaliza mzunguko kwa dakika 90 hivi, huuvuka mara mbili kila mzunguko. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia walikadiria kwamba mabaki ya roketi yana uwezekano mara 3 hivi zaidi wa kuanguka kwenye latitudo za Lagos, Jakarta na Mexico City kuliko za New York, Beijing na Moscow. Mwenye roketi angeweza kuibakizia fueli kidogo ya kuielekeza Pasifiki ya Kusini, mbali na watu. Fueli hiyo ni pesa, na wengine huona heri waiache roketi ijiangukie. Mei 2020 ilikuwa zamu ya Ivory Coast, roketi ya China iliporudi bila kuongozwa na bomba refu la chuma likapatikana kijijini. Hili linaniudhi kuliko yote.

Na huko juu vyuma havipungui. Uchina ilipoilipua satelaiti yake mwenyewe mwaka 2007, vilitokea zaidi ya vipande 3,000 vinavyoweza kufuatiliwa kwa rada. Mwaka 2009 satelaiti ya Marekani na nyingine ya Urusi iliyokwisha kufa ziligongana juu ya Siberia, zikaongeza vingine kwa maelfu. Sisi wenyewe tulirusha satelaiti yetu, Taifa-1, Aprili 2023, kwa hiyo tusijifanye watu wa pembeni tu.

Ombi langu kwa KSA na serikali za kaunti si kubwa. Watoe namba moja ya simu ya bure. Itangazwe kwa Kidholuo, Kiluhya na Kiswahili kwenye redio zinazosikilizwa vijijini, si kwenye tovuti. Picha za matanki, mipira na pete hizi ziletwe kwenye yadi zote zenye leseni, na machifu wapewe pia.

Halafu kuna jambo ambalo maofisini hawapendi kulisikia. Mkulima wa Nyahera akiokota mpira wa titani kwenye mahindi yake atauliza swali moja: nikipiga simu, napata nini? Kwa sasa atapata askari, waandishi wa habari, na umati utakaomkanyagia shamba zima. Sheria iseme wazi kwamba atalipwa mahindi yake, na juu yake apewe zawadi isiyopungua bei ya skrapu ya siku hiyo. Kwa serikali ni pesa za chai. Isipomlipa, ijue njia ya Kibuye ni fupi, na mimi au jirani yangu tutamlipa taslimu.

Fundi wa vyuma,
Kibuye, Kisumu