Kaka yangu anataka bastola kama ya Texas

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako, barua itakuwa ndefu unisamehe, maana hili jambo limenikaa kifuani wiki ya tatu sasa.

Mimi ni Mtanzania, kwetu Kigoma, ila naishi Houston, Texas, huu mwaka wa 11, nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Mwezi uliopita kaka yangu kavamiwa dukani kwake usiku, vijana watatu na mapanga, wakabeba mauzo ya siku nzima na simu, wakamkata mkono, askari wamekuja kumeshakucha. Kesho yake ananipigia mkono una bandeji, ananiambia dada nyie huko mna raha bana, mtu akiingia kwako usiku anakula risasi kesi imeisha, sisi huku ukiomba kibali utadhani unaomba kwenda mwezini, kwanini wasituruhusu tu na sisi? Alafu juzi nasoma gazeti lako nakuta msomaji mwenzangu kaandika hivohivo, kwamba Tanzania ifuate Marekani, kila raia mwema awe na silaha yake ndani, majambazi wataacha wenyewe. Nikasema hapana, hili siwezi kulinyamazia.

Watu wengi nyumbani wanadhani tofauti yetu na Wamarekani ni fomu tu, kwamba sisi fomu zetu ndefu na za kwao fupi. Sio hivyo. Kwetu bunduki ni kitu cha kuomba. Kwa sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi, unaanzia huko mtaani kwako wanakokufahamu, unapanda polisi wilaya mpaka mkoa, na kote unakopita unaulizwa swali lilelile, unaitakia nini? Huku Texas hilo swali hakuna wa kukuuliza. Katiba yao, marekebisho ya pili, ya mwaka 1791, inasema haki ya watu kuwa na silaha isivunjwe. Sentensi yenyewe inaanza kwa kutaja wanamgambo wa kulinda nchi, kwahiyo wamebishana miaka na miaka kama haki hiyo ni ya wanamgambo au ya kila mtu, mpaka 2008 mahakama yao ya juu kabisa ikasema ni ya mtu mmoja mmoja, akae nayo nyumbani kwake ajilinde, na 2022 wakasema hata kutoka nayo nje ni haki. Texas ndio kabisa, tangu Septemba 2021 mtu wa miaka 21 ambaye sheria haijamzuia anachomeka bastola kiunoni anaenda zake, hana leseni wala karatasi yoyote. Na mtu binafsi akimuuzia mwenzake, sheria ya jimbo haimlazimishi kumkagua mnunuzi kama katoka jela au vipi. Yani kwetu raia ndio anaeleza kwanini apewe, huku serikali ndio inaeleza kwanini mtu anyimwe.

Hiyo tofauti unaishi nayo mpaka kwenye vitu vidogo. Unaenda duka la nguo, mlangoni kuna tangazo la herufi kubwa, kizungu na kihispania, linakataza kuingia na bastola. Mwenye duka asipobandika, mteja anaingia nayo anachagua mashati. Mwanangu akialikwa kucheza kwa rafiki yake nampigia simu mama mwenye nyumba, namuuliza mtoto wako anakula nini, mbwa wenu mkali, alafu namuuliza bunduki mnayo na imefungiwa wapi. Mwanzo nilikuwa naona aibu kuuliza. Sasa hivi naanza nalo.

Kuhusu huyo mtoto ndio hasa nataka kaka yangu asome. Ana miaka 6, yuko darasa la kwanza. Shuleni kwao wana zoezi, kama sisi tulivokuwa tunafundishwa kukimbia moto, wao wanafundishwa kujificha mtu mwenye bunduki. Mwalimu anafunga mlango kwa ufunguo, anazima taa, anashusha karatasi nyeusi kwenye kile kioo cha mlango, watoto wote wanajibanza kwenye kona ambayo mtu akichungulia kutoka nje haioni, kimya. Siku ile karudi nyumbani, natoa vyombo vya chakula kwenye begi lake, ananiambia mama mimi leo nilibanwa na kikohozi nikakimeza. Alikuwa na mafua. Nikamuuliza kwanini hukukohoa mwanangu, akasema mwalimu alisema tukitoa sauti atatusikia. Nikamuuliza nani, akainua mabega. Ananisimulia huku anafurahi kabisa, kashinda mchezo. Mimi nikaenda kusimama bafuni nimefungulia maji ili asinisikie.

Na sio kwamba walimu wanatia chumvi. Tarehe 24 Mei 2022, mji mdogo wa Uvalde, hapahapa Texas, kijana wa miaka 18 kaingia shule ya msingi kaua watoto 19 na walimu wawili. Bunduki zake mbili alinunua kihalali, siku chache tu baada ya kutimiza miaka 18. Msomaji mwenzangu umeandika kwamba dawa ya mbaya mwenye bunduki ni mwema mwenye bunduki, naomba usome hii taratibu: ripoti ya bunge la Texas ilihesabu maaskari 376 waliofika pale shuleni, wana silaha, wana mafunzo, wana ngao, na zimepita dakika 77 ndio wakaingia kwenye lile darasa. Watu 376! Wazazi wako nje wanalia wanazuiwa wasiingie. Walikuwa wanaogopa bunduki aliyoshika mtoto wa juzi. Sasa niambie mwenye duka Kigoma, peke yake, katoka usingizini, giza, bastola iko chini ya godoro, atafanya nini mbele ya watu watatu waliojipanga wiki nzima?

Sitaki mnione napindisha. Jirani yangu hapa ni mzee wa kizungu, mtu mwema, ndio wa kwanza kutuletea maji kimbunga kilipopita, na ana bunduki tisa kwenye sefu, ufunguo anatembea nao. Alikulia shambani, polisi wako mbali, nguruwe pori wanalima mazao, babake alimfundisha kulenga akiwa mdogo na yeye kamfundisha mjukuu wake, kwake bunduki ni kama jembe na urithi. Namuelewa. Na imeshatokea kanisani, mji wa White Settlement, hapahapa Texas, Desemba 2019, mlinzi wa kujitolea alimpiga risasi mvamizi ndani ya sekunde 6 tu, mvamizi alikuwa ameshaua waumini wawili lakini wangekufa wengi. Hiyo ni kweli na anayeikataa anadanganya.

Ila piga hesabu ya upande wa pili. Nchi hii ilikadiriwa mwaka 2017 kuwa na bunduki milioni 393 mikononi mwa raia, nyingi kuliko watu wenyewe. Mwaka 2021 zilikufa roho zaidi ya 48,000 kwa bunduki, na hili watu nyumbani hawalijui kabisa, zaidi ya nusu hawakuuliwa na jambazi wala mwendawazimu wa shuleni, walijiua wenyewe. Mwenzangu kazini alimpoteza kijana wake wa miaka 19 hivo. Silaha ilikuwa ya baba, iko kwenye droo, imenunuliwa kulinda nyumba. Yule mama tulikuwa tunapeana zamu za usiku, alirudi kazini baada ya mwezi, akikaa kwenye kile chumba chetu cha chai anakunja napkini moja, anaikunjua, anaikunja tena, hasemi. Hakuna mwizi aliyewahi kuingia nyumba ile. Na hapa Houston bunduki zinaibiwa sana kwenye magari ya hao hao raia wema, mtu kaenda kula kaacha bastola garini, kioo kimevunjwa, kesho iko mkononi mwa mwizi. Kaka, hao vijana watatu wakisikia duka lako lina bastola watakuja kuifuata hiyohiyo.

Alafu nashangaa mtu wa Kigoma anavyosahau, yeye na mimi tumekulia nyumba moja. Miaka ile ya vita vya Burundi na Kongo silaha zilivoingia, nani alikuwa hajui SMG inaliaje? Basi la kwenda Kahama mnasimamishwa mnasubiri magari yawe mengi, askari wapande na bunduki ndio mvuke yale mapori, kina mama wanaficha hela kwenye kanga za watoto. Kabla ya hapo kijijini kulikuwa na gobole. Baba mdogo alikuwa nalo moja, lile la kushindilia baruti kwa mbele, akilitoa kwenda kufukuza nyani shambani kijiji kizima kinajua leo fulani kachukua gobole lake, risasi ni moja, akikosa mpaka ashindilie tena nyani kashafika mtoni. SMG zilivyoongezeka hatukuwa salama zaidi hata siku moja, tuliacha kutembea usiku.

Wenzetu Wakenya wanaijua hii kuliko sisi. Kule Turkana, Pokot, Baringo, bunduki ziko kila upande, wafugaji wanazo, polisi wa akiba wanazo, kila jamii inasema tunajilinda na jirani, na ng'ombe wanaendelea kuporwa na watu wanaendelea kuzikwa mpaka 2023 serikali ikapeleka jeshi. Mwaka 2016 walichoma bunduki 5,250 pale Ngong. Kwahiyo raia kujilinda mwenyewe kwa bunduki tusidhani ni jambo la majaribio, jaribio limeshafanyika hapahapa Afrika Mashariki.

Na sio lazima tuangalie Marekani tu kama vile dunia ina nchi moja. Uingereza 1996 mtu aliingia shule ya Dunblane akaua watoto 16 na mwalimu wao, mwaka uliofuata wakapiga marufuku bastola za raia. Australia mwaka huohuo wa 1996 waliuawa watu 35 Port Arthur, serikali ikabadilisha sheria ikanunua bunduki kutoka kwa raia kama 650,000 hivi zikaharibiwa. New Zealand 2019 waislamu 51 waliuawa misikitini Christchurch, haujaisha mwezi mmoja bunge lao likapitisha sheria kwa kura 119 kwa 1. Mjapani anayetaka bunduki ya kuwindia anasomeshwa, anafanya mtihani, anapimwa akili, polisi wanamchunguza, na bastola raia wa kawaida hapewi kabisa. Wamarekani walizika watoto 20 waliouawa shule ya msingi ya Sandy Hook Desemba 2012 na Aprili 2013 muswada wa kuwakagua wanunuzi ukaanguka seneti. Baada ya Uvalde walipitisha sheria moja, inasaidia kidogo, lakini kwa bunduki hizo zote walizonazo wanaanzia wapi kuzikusanya? Sisi bado hatujafika huko na ndio maana naandika sasa hivi.

Msomaji mwenzangu, hasira yako ni ya haki kabisa na ya kaka yangu pia, mtu akatwe mkono kwenye duka lake mwenyewe na askari wafike asubuhi, hiyo haivumiliki. Basi tudai hilo. Tudai doria ya usiku kwenye miji midogo, gari lenye mafuta, namba ya simu inayopokelewa saa 8 usiku, taa za barabarani. Tudai msamaha wa kusalimisha silaha haramu kama ule wa 2022 urudiwe na ufike vijijini kwenye magobole, na wale wachache wenye vibali wakaguliwe kila mwaka wanazifungia wapi, sio kadi tu ikaguliwe. Lile swali la unaitakia nini lisifutwe. Kama kuna afisa anayelizungusha ili apewe chochote, huyo ndio aondolewe, swali libaki.

Kaka yangu najua utaisoma hii maana gazeti hili hulikosi pale dukani. Siku ile ulivyoniuliza bei ya bastola huku nikakukatia simu ukasema dada yako kawa Mzungu. Mtoto alikuwa amekaa pembeni yangu anachora, akanyanyua kichwa akaniuliza mama, mjomba naye shuleni kwao wanajificha? Sikuwa na jibu la kukupa mbele yake.

Mama Rehani,
Houston, Texas