Hukumu ya Agra haikumwokoa Aji

Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya Jumapili kuhusu kesi za kodi ya mapato nchini India, ile yenye picha ya mnara wa simu na kichwa kinachoziita mahakama za huko uwanja wa matajiri. Mwandishi anajua kuandika, sina neno. Ila ameanza na Vodafone akamalizia na Vodafone, na mtu asiyeijua nchi hii atadhani Baraza la Rufani za Kodi ya Mapato limewekwa kwa ajili ya makampuni tu.

Ninaishi Pune, jimbo la Maharashtra, mwaka wa 12 sasa. Ni karani kwa mhasibu mmoja anayewasimamia watu wa kawaida kwenye rufani za kodi: walimu wastaafu, wenye maduka, wajane. Kazi yangu ni kutoa nakala, kuzipiga kurasa namba, kushona majalada na kuchunga tarehe. Bosi tunamwita Saheb. Sheria sijaisomea, ila majalada nimeyabeba mengi.

Vodafone ni kesi kubwa, sikatai. Mwaka 2007 walinunua biashara ya simu ya Hutchison iliyokuwa India kwa njia ya kununua kampuni iliyosajiliwa visiwa vya Cayman. Serikali ikadai kodi ipatayo rupia bilioni 110. Tarehe 20 Januari 2012 Mahakama ya Juu ikasema hakuna kodi hapo. Mwaka huohuo Bunge likabadilisha sheria na kuirudisha nyuma hadi 1962, na mwaka 2021 serikali yenyewe ikaukunja mkeka huo. Basi. Katika miaka yangu yote sijamwona mtu aliyekaa kwenye benchi la ofisini kwetu akiwa na shida inayofanana na hiyo.

Aliyekaa kwenye benchi ni Aji. Ni neno la Kimarathi, maana yake bibi, na ndivyo mtaa mzima unavyomwita. Ni mwenye nyumba wangu. Usiku wa tarehe 8 Novemba 2016, saa mbili, Waziri Mkuu Modi alitokea kwenye televisheni akatangaza kwamba noti za rupia 500 na 1,000 zinakufa saa sita usiku huohuo. Nilikuwa sebuleni kwa Aji. Hakusema kitu. Aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na debe la bati la mtama, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Mabunda yalitoka yamefungwa kwa nyuzi za sari kuukuu, na chenga za mtama zimeshikana nayo. Mwanawe wa kiume alikuwa amesimama mlangoni, na ndiyo mara yake ya kwanza kujua.

Tulihesabu mpaka usiku wa manane: rupia 280,000. Laki mbili na elfu themanini. (Laki ya kule ndiyo laki yetu hii, neno limevuka na majahazi, koma tu ndiyo wanaiweka pengine. Wao huandika 2,80,000, nami miaka ya mwanzo nilidhani ni makosa ya chapa.) Zilikuwa akiba za miaka zaidi ya 30: baki ya pesa za soko, zawadi za kaka zake, alizopewa na marehemu mumewe kila Diwali. Akazipeleka benki kwa mara mbili, kabla ya tarehe 30 Desemba, siku ya mwisho.

Maswali yalikuja miaka mitatu baadaye, kwa barua pepe. Barua pepe iliyosajiliwa kwenye akaunti yake ya kodi ilikuwa ya mjukuu wake, naye wakati huo alishahamia Bengaluru na ile anwani alishaiacha. Notisi zikajipanga huko bila msomaji. Tarehe 24 Desemba 2019 afisa, kwa kuwa hakujibiwa, akaamua mwenyewe: pesa yote ni fedha isiyo na maelezo, chini ya kifungu cha 69A cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya 1961. Kodi ya fedha ya namna hiyo kwa mwaka ule ilikuwa asilimia 60, na ukiweka tozo zake za juu ilifika 77.25. Pigeni hesabu wenyewe: rupia 216,300, riba haijaguswa.

Karatasi ya deni ilitufikia mkononi Juni 2021. Na hapa ndipo ninapokiri kosa langu, maana ndilo lililonisukuma kuandika barua hii.

Wiki zilezile magazeti ya huku yalikuwa yamejaa hukumu ya Baraza, tawi la Agra. Mama mmoja wa nyumbani wa Gwalior alikuwa ameweka benki rupia 211,500 kipindi kilekile cha noti kufa. Akasema ni akiba yake, alizopewa na mumewe, mwanawe na jamaa. Afisa akakataa, kamishna wa rufani akakataa, Baraza likakubali. Likasema zaidi: mama wa nyumbani aliyeweka hadi laki mbili na nusu katika kipindi kile, fedha hiyo isihesabiwe kuwa kipato chake. Nilisoma kichwa cha habari tu, kilichosema akina mama wa nyumbani wamepona. Nikapanda ngazi mbio kumwambia Aji, Mungu amekuona. Akatuma mtoto dukani kuleta pedha, zile peremende za maziwa, akazigawa ghorofa zote tatu.

Kesho yake Saheb akaisoma hukumu yenyewe, ukurasa kwa ukurasa, kalamu ya wino mwekundu mkononi. Akaniuliza swali moja: "Bibi yako aliweka ngapi?" Laki mbili na elfu themanini. Akachora mstari chini ya maneno laki mbili na nusu, akanirudishia. Sijui kama kuna aibu inayopita ile ya kurudi kumweleza mtu aliyekwisha kugawa peremende.

Mhariri, wino wenu mngeumwaga hapo. Hukumu ya Baraza la Agra haikuwa uongo, na gazeti nalo halikusema uongo. Lakini Baraza huamua juu ya fedha ya mtu fulani, mwaka fulani, kwa ushahidi uliowekwa mezani. Wanaokaa pale kwa kawaida ni wawili, mmoja mwanasheria, mmoja mhasibu, na utaratibu huo ni wa tangu Januari 1941, kabla ya uhuru. Kwa mambo ya ukweli wa kesi, wao ndio mwisho. Ukitaka kwenda Mahakama Kuu ya jimbo, lazima uwe na hoja nzito ya sheria. Kama uliacha kuwasilisha karatasi ya benki kwenye Baraza, huko juu usitarajie kuitoa mkobani.

Na kilichomfaa Aji hakikuwa kwenye kichwa cha habari chochote. Kilikuwa kwenye mwongozo ambao bodi ya kodi iliwapa maafisa wake Februari 2017: mtu asiye na biashara akiweka hadi laki mbili na nusu asihojiwe zaidi, mwenye umri wa zaidi ya miaka 70, hadi laki tano. Aji alikuwa na miaka 71 mwaka ule wa noti. Ila kadi yake ya kodi ilimpa miaka 66, na tarehe ya kuzaliwa 1 Juni. Ukikaa India utakutana na wazee wengi mno waliozaliwa 1 Juni. Shule zilifunguliwa Juni, mzazi hajui tarehe, mwalimu anajaza ya kwake.

Ikabidi tuutafute umri wake halisi kijijini, wilaya ya Satara. Nilikwenda mwenyewe mara mbili. Mara ya kwanza ofisi ilifungwa kwa korona. Mara ya pili mzee wa masjala alinitolea daftari la vizazi lililoliwa na mchwa pembeni, na jina la baba yake Aji likiwa limebaki nusu, ila mwaka ulisomeka.

Rufani ikaingia kwa kamishna tarehe 7 Machi 2022. Muda wa rufani hiyo ni siku 30 tangu upokee uamuzi. Sisi tumepita miaka miwili. Kilichotubeba ni amri ya Mahakama ya Juu kwamba, kwa sababu ya janga, siku zote kuanzia 15 Machi 2020 hadi 28 Februari 2022 zisihesabiwe kwenye ukomo wa mashauri. Baada ya kuzitoa hizo, Saheb alibakiwa na siku 58 za kuomba radhi. Tukaeleza habari ya mjukuu na barua pepe. Kamishna akajibu kwa aya mbili kwamba hatukueleza kila siku ya kuchelewa, akaitupa rufani bila kuufungua ukurasa wenye umri wa Aji.

Kuna hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 1987, wala si ya kodi, ni ya mgogoro wa ardhi huko Anantnag, Kashmir, ambayo mawakili wa kodi huitaja karibu kila wiki. Humo majaji waliuliza kama kila siku lazima ielezwe, kwa nini isiwe kila saa, kila sekunde? Wakataka akili ya kawaida itumike. Tukapanda hadi kwa Baraza, na Saheb akaiweka hukumu hiyo ukurasa wa kwanza wa jalada. Ada ya Baraza ilikuwa asilimia moja ya jumla ya kipato alichohesabiwa mwaka ule, si zile noti tu: rupia 3,400. Ili deni lisimame wakati rufani inasubiri, afisa alitaka kwanza asilimia 20 yake, na Aji akavunja amana yake benki kuipata. Hilo nalo halimo kwenye makala yenu: kupinga kodi kunadai fedha mkononi hata kama una haki.

Tulisikilizwa Pune mapema mwaka 2025. Nilikuwa nyuma kabisa, na majalada mapajani. Saheb hakuzungumza hata dakika kumi. Aliwaambia pia kwamba Mahakama Kuu ya Madras ilikwisha kusema Novemba 2024 kuwa kile kiwango cha 60 kinahusu miamala ya kuanzia 1 Aprili 2017, si ya 2016. Mtetezi wa serikali akasimama kukumbusha kwamba Madras ni Madras. Pune iko chini ya Mahakama Kuu ya Bombay, kwa hiyo neno la Madras hapa linashauri tu. Alikuwa sahihi, na Saheb akatikisa kichwa kukubali. Mwanachama mhasibu akauliza daftari la vizazi liko ukurasa wa ngapi. Nikajikuta nimejibu mimi, kutoka kiti cha nyuma: "Arobaini na moja!" Wakacheka, Saheb akaniangalia kwa jicho la tutaongea.

Uamuzi ulikuja wa kurasa tatu. Ucheleweshaji umesamehewa, jalada lirudi kwa kamishna alisikilize upya, umri wa mkata rufani uzingatiwe. Aji akaniuliza, "Tumeshinda?" Nikamwambia mlango umefunguliwa, bado hatujaingia. Safari hii peremende hazikuletwa.

Mwandishi wenu anasema wanaofaidi ni wakubwa. Wapo, tena wengine kwa hoja tamu. Mwaka 2011 Baraza la Mumbai lilikubali kwamba mchezaji kriketi Sachin Tendulkar, anaposimama mbele ya kamera kutangaza bidhaa, ni mwigizaji na astahili nafuu ya kodi ya wasanii. Mwaka 2018 Baraza la Hyderabad lilikaa kikao maalumu kuamua kama uyoga unaooteshwa kwenye trei ndani ya chumba ni mazao ya shamba, ambayo hayatozwi kodi hiyo. Likasema ni mazao ya shamba. (Saheb, ambaye hali uyoga, mpaka leo anabisha.) Lakini tangu Septemba 2024 idara ya kodi, ukiacha kesi za aina chache, haikati rufani kwenye Baraza kama kodi inayobishaniwa haizidi laki 60. Maana yake mtu wa kiasi cha Aji akishinda kwa kamishna, kwa kawaida hafuatwi. Hilo ni jambo la mnyonge, na lingestahili angalau nusu safu.

Nawaomba mnapochapisha habari ya hukumu ya kodi mseme imetoka ngazi gani na mji gani, fedha ilikuwa kiasi gani, na kama upande wa pili bado ana pa kukimbilia. Hata sheria mpya ya mwaka 2025, ambayo tarehe yake ya kuanza ni 1 Aprili 2026, haizifuti kesi za miaka ya nyuma. Zinaendelea kwa ile ya 1961. Wasomaji wenu wenye jamaa huku watauliza.

Aji bado anasubiri tarehe kwa kamishna. Anwani ya barua pepe kwenye akaunti yake sasa ni yangu, nami naifungua kila asubuhi kabla ya chai, pamoja na kile kisanduku cha taka. Leo kulikuwa na tangazo la mikopo tu.

Karani wa Saheb
Pune, India